Faraj Hakataliwi na Mtu: Uchambuzi wa Kisa cha Gemu ya Watu Wazima

Kisa hiki ni cha sehemu ya kwanza ya gemu ya hadithi kwa watu wazima, ile aina ya riwaya ya picha: mchezaji anasoma mazungumzo, anatazama picha, na kila baada ya muda anapewa majibu mawili au matatu achague. Rasimu tumeitunga wenyewe kwa ajili ya uchambuzi, na kila kosa lililomo ni lile linalojirudia katika gemu za namna hii. Tumeiweka Mombasa kwa sababu mji ambao watu wanajuana humuumbua haraka shujaa asiyeaminika.

Faraj, miaka 27, amerudi kutoka Doha alikofanya kazi miaka minne. Amefikia kwa shangazi yake, Bi Zena, katika nyumba ya ghorofa Kibokoni, Mji wa Kale. Ndani ya siku 11 za hadithi anakutana na wanawake watatu. Rukia, miaka 33, ni muuguzi mjane anayekaa Likoni, ng'ambo ya feri, na kufanya kazi kisiwani, upande wa Mji wa Kale. Mwanahamisi, miaka 26, ni mchora hina wa mtaa uleule. Wanjiru, miaka 30, ni mhasibu wa hoteli moja ya Nyali. Ikifika siku ya 11 wote watatu wanamtaka Faraj. Yeye hana kazi, hajasema neno la kuchekesha wala la maana, na hajamfanyia yeyote kati yao jambo ambalo jirani wa kawaida asingelifanya.

Wengi wakisoma rasimu kama hii humlaumu Faraj mwenyewe. Hana historia, wanasema, hana kasoro, hana tabia. Sisi tunaona tofauti. Faraj haaminiki kwa sababu ya watu waliomzunguka: hakuna hata mmoja aliyepewa sababu, wala nafasi, ya kumkatalia. Mtu tunamjua kwa yale anayoyafanya akinyimwa anachokitaka. Faraj hanyimwi kitu, kwa hiyo hatumjui, na kadiri anavyofanikiwa ndivyo anavyozidi kufifia.

Asubuhi ya feri

Ugonjwa wote unaonekana katika tukio la kwanza la Rukia. Ni saa moja na nusu asubuhi kwenye feri ya Likoni. Rukia anarudi nyumbani baada ya zamu ya usiku. Umati unamsukuma, mkoba wake unaanguka, Faraj anaudaka. Rasimu inasema:

Rukia: Asante sana. Sijawahi kukutana na mwanamume kama wewe.
Faraj: Mimi ni mtu wa kawaida tu.
Rukia: Hapana. Macho yako yanasema mengine. Chukua namba yangu.

Kosa la kwanza ni la mji. Saa hiyo umati hutoka Likoni kuja kisiwani. Anayetoka kisiwani kwenda Likoni huvuka kwa nafasi, tena anaweza kuchagua pa kusimama. Hakuna wa kumsukuma Rukia. Mwandishi alihitaji watu wabanane, akawabananisha bila kutazama wanaelekea wapi. Mchezaji wa Likoni au Changamwe ataliona hilo papo hapo, na akishaliona, maneno ya mapenzi yanayofuata yanamkuta tayari ameshika shaka.

Kosa la pili ni la mtu. Rukia amesimama wodini usiku kucha. Miguu inamuuma na anataka kulala kabla jua halijawa kali. Faili ya wahusika inasema ana mtoto wa miaka 8 ambaye hulala kwa jirani usiku wa zamu. Mtoto huyo hatajwi tena katika sehemu nzima. Mama yeyote anayerudi saa hiyo ana jambo moja kichwani: je, mtoto ameondoka kwenda shule, na amekula? Rasimu imemfutia hilo ili abaki na nafasi ya kuyasifu macho ya mtu asiyemjua.

Halafu soma tena ule mstari wa macho. Unaweza kumpa Mwanahamisi, ukampa Wanjiru, ukampa mwanamke wa gemu nyingine kabisa, na hakuna kitakachoharibika. Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vingine vyote. Chukua mistari kumi ya kila mhusika, futa majina, ichanganye, umpe mtu ambaye hajasoma rasimu aipange upya. Akishindwa kutenganisha watu watatu, basi umeandika mtu mmoja mwenye picha tatu.

Hivi ndivyo tulivyoliandika tukio upya:

Faraj: Dada, mkoba wako wataka kumwagika. Hapo zipu.
Rukia: (anaufunga, hamtazami) Haya, ahsante.
Faraj: Watoka kazini?
Rukia: Natoka.
Faraj: Mimi ni wa kwa Bi Zena, Kibokoni.
Rukia: Bi Zena namjua. Basi nisalimie.
(Rukia anasogea penye upepo, anatoa simu, anampigia jirani: "Amekunywa chai?")

Mkoba haukuanguka na namba haikutolewa. Lakini sasa tumemjua Rukia: ni mstaarabu, amechoka, ana mtu anayemwaza. Ule "nisalimie" ni mlango uliofungwa kwa adabu. Mombasa ni mara chache mtu kukukatalia kwa kishindo. Utaambiwa inshallah, utaambiwa tutaonana, utapewa salamu upeleke nyumbani, na aliyelelewa hapa anaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha. Gemu inayojua ndiyo na hapana peke yake haiwezi kumwandika mwanamke wa Mji wa Kale wala wa Likoni.

Kisha mchezaji anapewa majibu matatu: amfuate Rukia penye upepo, amuache, au akifika nyumbani amfikishie Bi Zena salamu. La tatu linaonekana dogo, na ndilo la maana, kwa sababu linafuata njia ambayo Rukia mwenyewe ameiacha wazi.

Hesabu za rasimu

Gemu hii imejengwa kwa Ren'Py, programu ya bure iliyotoka mara ya kwanza 2004 na inayotumiwa sana kwa riwaya za picha. Ina kikaguzi kiitwacho Lint, ambacho mbali na kuonyesha makosa ya msimbo hukuhesabia maneno, vipande vya mazungumzo na menyu za kuchagua. Rasimu ilikuwa na maneno 18,400 na menyu 36. Yaliyobaki inabidi uhesabu kwa mkono: kwa kila menyu andika kinachobadilika, kinadumu mpaka wapi, na nani mwingine katika hadithi anakijua.

Menyu 29 kati ya 36 zilirudi njia moja ndani ya mistari mitano. Menyu 22 ziliongeza pointi kwenye kigeu, yaani namba ambayo programu inaikumbuka, kiitwacho mapenzi. Hakuna iliyopunguza hata pointi moja. Safu ya mwisho, ile ya nani mwingine anajua, ilikuwa tupu kutoka juu mpaka chini, na kwetu hiyo ndiyo aibu kubwa ya rasimu. Siku ya 6 Faraj anaingia kwa Mwanahamisi saa nne usiku, anatoka alfajiri, na hakuna aliyeona. Mji wa Kale! Vichochoro vyembamba, baraza mlangoni, madirisha yanatazamana, na wazee wanakunywa kahawa mpaka usiku. Tena Mwanahamisi anaishi na mamake. Hadithi inayosahau haya imemsahau pia mwanamke ambaye kesho yake atalazimika kupita palepale barabarani.

Mwanahamisi ana kosa jingine la kazi. Rasimu imemkalisha Faraj chumbani akitazama bibi harusi akipakwa hina. Shughuli ile ni ya wanawake. Mwanamume hana kiti pale. Na mchora hina akiwa kazini mikono yake haishiki simu, kwa hiyo zile jumbe tano anazomjibu Faraj katikati ya harusi haziwezekani. Msimu wa harusi ungempa Mwanahamisi sababu ya kweli ya kutopatikana wiki nzima, bila mwandishi kubuni ugomvi wowote.

Dawa ambazo haziponyi

Ya kwanza inayokimbiliwa ni kumwandikia shujaa maisha ya nyuma. Tulimpa Faraj maneno 900: babake alifariki baharini, aliachwa na mchumba, alidhulumiwa mshahara ughaibuni. Menyu zikabaki zilezile. Mchezaji akamwonea huruma kwa dakika tatu, kisha Rukia akatoa namba yake kama awali. Historia isiyobadilisha jibu la mtu yeyote katika hadithi ni mapambo, na huzuni ya bandia inachosha kuliko kutokuwa na huzuni.

Ya pili ni kumfanya mtu wa kawaida: si mzuri wa sura, si tajiri, haya nyingi. Hapo mambo huharibika zaidi, maana ushindi wake sasa hauna sababu hata ya uongo.

Ya tatu ni kumnyamazisha, asiwe na sura wala maneno ili mchezaji ajivike yeye. Hii inaweza kufaa katika gemu ya mafumbo. Katika gemu ya mahusiano inawalazimisha wanawake kuongea peke yao, wakijisifu kwa niaba yake.

Kuna gemu ya zamani iliyolijua jambo hili vizuri. Leisure Suit Larry ya kwanza, iliyotolewa na Sierra mwaka 1987, ina shujaa asiyependeza hata kidogo, na bado anaaminika, kwa sababu karibu kila anayemkaribia anamfukuza, anamcheka au anamwibia. Mengi ndani yake yamepitwa na wakati na hatuyatetei. Lakini hakuna mchezaji aliyeuliza Larry ni nani.

Tulivyoijenga upya

Kazi ilianza kwa wanawake. Kwa kila mmoja tuliandika mambo matatu kabla ya kugusa mazungumzo: anataka nini mwezi huu, kitu hicho kinamgharimu nini, na Faraj anamsaidia au anamzuia. Rukia anataka kuhamia zamu ya mchana ili alale na mwanawe. Inamgharimu posho ya usiku, na pia kumwomba msimamizi asiyempenda. Faraj hawezi kumsaidia hata kidogo, na hilo ni zuri sana kwa hadithi: itabidi Rukia amtake kwa sababu nyingine, au asimtake.

Kisha Faraj akapewa mfuko. Amerudi na shilingi 180,000. Shangazi anahitaji bati jipya, mdogo wake ana karo, na ajenti aliyempeleka Doha bado anamdai. Mtaa mzima unadhani mtu wa Arabuni ana hela, kwa hiyo kila siku mbili mtu anakuja kukopa. Chakula cha Nyali na tuktuk za kila siku zikaanza kukatwa humo. Ikifika siku ya 8, mchezaji aliyetapanya hana nauli ya kuja kwa wakati. Hali hiyo imemfanya Faraj kuwa mtu kuliko yale maneno 900.

Kigeu cha mapenzi tulikifuta. Badala yake kila mwanamke ana imani, na Faraj ana sifa, yaani mtaa unasemaje juu yake. Cha tatu ni nafasi, na hicho mchezaji hakigusi kabisa: kinafuata ratiba ya mwanamke mwenyewe, zamu za Rukia, harusi za Mwanahamisi, mwisho wa mwezi wa Wanjiru. Rukia atakubali kunywa chai na Faraj ikiwa imani imefika 3, sifa haijashuka chini ya sifuri, na si siku ya zamu. Kumsifu sura hakuongezi imani. Kufikisha salamu kunaongeza, na kukumbuka jina la mwanawe kunaongeza. Kumpigia simu saa nane mchana, wakati kila mtu anajua muuguzi wa usiku amelala, kunapunguza.

Ombi lililokataliwa halirudiwi bila gharama. Mara ya pili imani inashuka, na baada ya hapo jibu lenyewe linatoweka kwenye menyu. Ren'Py hulificha lenyewe likiwa na sharti ambalo halijatimia. Tunalisisitiza hili kwa moyo wote. Gemu ambayo hapana hugeuka ndiyo baada ya kubofya mara nne inamfundisha mchezaji jambo baya, na inambomoa mwanamke aliyeandikwa, kwa sababu neno lake halina uzito tena hata atakapokubali kweli.

Kwa sababu hiyohiyo siku ya 9 iliondolewa. Rasimu ilimfanya Rukia akose kodi ya nyumba, Faraj akalipa, na usiku uleule likaja tukio la chumbani. Huko ni kumnunua mtu na kuita mapenzi. Wala si kweli kwa Rukia: ni muuguzi mwenye mshahara, na mwanamke wa umri wake Likoni ana chama cha kuchangiana pesa. Sasa kodi inatoka kwenye chama, Faraj anatoa pesa, anaambiwa "rudisha mkono wako mfukoni, tutakunywa chai tu," na chai hiyo ina uzito kuliko tukio zima lililofutwa.

Sifa ikishuka, anayesema ni Bi Zena. Mchezaji akimfuata Rukia kwenye feri ile asubuhi ya kwanza, haadhibiwi palepale. Rukia anasema tu, "Kaka, niache nipumzike." Siku mbili baadaye, Faraj akiwa na mahamri na mbaazi mezani, shangazi anaketi:

"Mwanangu, nasikia wamfuatafuata mjane wa watu kwenye feri. Wataka kuoa, sema tukapose. Hutaki, muache apite."

Kuchelewesha huku kuna sababu ya kiufundi pia. Ren'Py humruhusu mchezaji kurudi nyuma kwa kusogeza gurudumu la mausi. Kukataliwa kukija mstari unaofuata, atarudi, atachagua jibu jingine, na utakuwa umeandika kazi bure. Kwa kawaida programu hurudisha hatua 100 tu, kwa hiyo tokeo lililo mbali kuliko hapo halifutiki kwa gurudumu. Ipo amri ya kuzuia kurudi kabisa. Hatuipendi: aliyebofya kwa bahati mbaya naye ataumia, na wachezaji huiona kama ukali usio na sababu.

Jambo la sevu, yaani mchezo aliouhifadhi mchezaji ili auendeleze baadaye, lisisahaulike, maana gemu hizi hutoka kwa vipande. Vigeu vipya vianzishwe kwa amri ya default, visianzishwe kwa amri ya define. Define ni ya vitu visivyobadilika, na ukibadilisha thamani yake katikati ya mchezo haitahifadhiwa kama unavyotaka. Default itampa kigeu hata mwenye sevu ya zamani, ila kitaanza sifuri: mtu aliyemtendea Rukia wema sehemu nzima atakuta anakataliwa kama mgeni. Tumia lebo ya after_load, ambayo Ren'Py huiendesha sevu inapofunguliwa, kukokotoa imani yake kutokana na machaguo ya zamani. Bila hivyo utapokea malalamiko kwamba uandishi ni mbovu, na kumbe ni hesabu.

Gharama, na kinachobaki

Chanzo cha uandishi dhaifu hapa mara nyingi ni pesa na mpangilio wa kazi. Picha hula muda na huhitaji kompyuta yenye nguvu. Maneno yanaonekana rahisi, yanaandikwa mwisho. Wafadhili, yaani mashabiki wanaochangia gemu, hulipa kila mwezi na kila mmoja anamtaka mhusika wake. Tawi la hadithi ambalo Rukia anakataa linaonekana kama picha zilizotupwa. Lakini tawi zima la Rukia la kukataa lilihitaji sura tatu mpya za uso, mandhari zilezile za feri na nyumba ya Bi Zena, na maneno 1,100. Ni nafuu kuliko tukio moja la chumbani.

Soko lenyewe nalo limebadilika. Steam, duka la gemu la mtandaoni, ilifungua mlango kwa gemu za watu wazima mwaka 2018. Julai 2025, itch.io, duka jingine la mtandaoni, iliziondoa kwenye utafutaji wake kwa shinikizo la kampuni za malipo, na maudhui ya kulazimishana yalikuwa kiini cha mvutano ule. Gemu ambayo kukubali kwa mhusika kunaonekana wazi, na umri wake unajulikana kwa kazi anayoifanya na watoto anaowalea badala ya namba tu kwenye wasifu, ina mengi ya kujitetea nayo.

Baada ya marekebisho menyu zilibaki 21, na 15 kati yake zina tokeo linalodumu mpaka mwisho wa sehemu. Katika njia nyingi Faraj anamaliza siku 11 bila mwanamke yeyote. Katika mbili ana chai na Rukia. Katika moja Mwanahamisi anamwomba ambebee vifaa vya hina mpaka mlangoni, na mlangoni anaishia.

Wanjiru bado hajakaa. Ana mshahara, ana gari, anaishi Nyali, na hakuna kinachomleta Kibokoni ila mwandishi. Kumpa ugeni kutoka bara na hamu ya kujifunza Kiswahili cha pwani ni njia iliyochakaa, na inamfanya mwanafunzi wa Faraj bila sababu. Tumemtoa katika sehemu ya kwanza yote. Picha zake 14 zinangoja sehemu ya pili, ambako hoteli yake itahitaji mtu wa kufuatilia mzigo bandarini Kilindini na Faraj atakwenda kuomba kazi hiyo. Wanjiru ndiye atakayekuwa upande wa pili wa meza, na anayo haki ya kumnyima.